Lori Lililoondoka na Nafasi

Je, umewahi kumngoja mgeni asiyetuma habari, ukaifunika sahani yake, ukawakataza na wenzako wasile mpaka afike? Unasema, subirini kidogo, huyo yuko njiani. Mchuzi unaganda, watoto wanasinzia, na wewe mwenyewe tumbo linakukata, lakini huthubutu kunyanyua kijiko, kwa kuwa ukila tu utakuwa umekiri kwamba haji. Wahenga waliliona hilo zamani. Hawakusema ngoja ngoja huumiza miguu, wala hawakusema huumiza moyo. Walisema huumiza matumbo, nao walilitaja tumbo kwa makusudi. Sikiliza basi habari za Coralie Brosnan na mumewe Clem, kisha uhesabu mwenyewe ni matumbo ya nani yaliyoumia.

Walikaa Wirrabilla, magharibi ya mbali ya Queensland, ambako mgeni hutangulizwa na vumbi la gari lake, ukapata muda wa kuchemsha maji, kuosha vikombe na kubadili aproni kabla hajafika langoni. Udongo wa huko ni mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni, na miti ya mulga imesimama juu yake, rangi ya majivu, majani membamba kama sindano. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, baraza limeizunguka pande zote, na kwenye nguzo ya baraza palikuwa na kipima mvua cha kioo. Clem alikichungulia kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu, hata siku ambayo anga lilikuwa jeupe kama sahani iliyosuguliwa.

Mali yao ilikuwa ng'ombe wekundu, na ng'ombe hao hawakununuliwa mnadani. Walitokana na ng'ombe wa mama yake Clem, marehemu Ita Brosnan. Katika ukame mkubwa wa ujana wake, Ita alikataa kuuza. Alishika shoka akakata matawi ya mulga kila siku kuwalisha ng'ombe wake, viganja vikatoka malengelenge, majirani wakamcheka, na siku ambayo hata kasisi alikuwa amekata tamaa, mvua ikashuka. Kisa hicho kilisimuliwa mezani Wirrabilla kama sala ya chakula. Ni ng'ombe wangapi waliokufa kabla ya mvua hiyo, hakuna aliyesimulia. Binadamu hukumbuka mvua; mifupa huisahau.

Tena, katika nchi ile kuna mwiko ambao haukuandikwa popote. Hakuna anayesema mvua haitakuja. Ukikutana na mtu dukani ukamuuliza hali, atakujibu, "Siku moja karibu zaidi na mvua." Nawe utaitikia hivyo hivyo. Anayesema haitanyesha huonekana kama aliyeifukuza kwa fimbo. Coralie alikuwa mtoto wa mjini, baba yake karani wa posta, na mwiko huo aliukuta ukweni. Aliushika kama alivyoshika mambo mengine ya ukweni, kwa adabu na kwa mdomo uliofungwa.

Mwaka ninaousimulia, mvua za majira ya joto, ambazo huko hunyesha karibu na Krismasi, zilipita kando. Ilipokwisha Pasaka, alikuja Ngaire Tulloch, mtafiti wa malisho, mwanamke mrefu mwenye kofia iliyoliwa na jua. Kwa miaka kadhaa alikuwa akichunguza jambo moja pale Wirrabilla: katika nchi kame, mfugaji afanyeje ili ale leo na ardhi ibaki na kitu cha kesho. Malisho ya kaskazini yalikuwa yamegawanywa kwa seng'enge. Upande mmoja Clem alilisha apendavyo. Upande wa pili ng'ombe walikuwa wake vile vile, ila walinunuliwa kwa ajili ya utafiti, na kanuni ilikuwa ya Ngaire. Nayo ilikuwa fupi. Mvua za joto zikiisha, pima majani. Yaliyosimama siku hiyo ndiyo ghala lako mpaka mvua za joto zijazo. Ghala likiwa dogo, punguza walaji papo hapo, wangali na nguvu za kutembea. Siku hiyo ya kupima waliiita siku ya majani.

"Fundi madirisha huyo amefika," Clem alisema, maana Ngaire alitembea na fremu ya chuma ya mraba, akiitupa chini hapa na pale na kukata majani yaliyoangukia ndani yake. "Leo unachungulia nini humo, binti?"

"Nachungulia Krismasi yako, Clem," Ngaire alimjibu huku akipiga magoti. "Naona sahani tupu."

"Futa kioo hicho. Kina vumbi."

Ngaire alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alikata, akapima kwenye mizani yake ndogo, akavuka seng'enge, akakata tena. Mwishowe alijipangusa magoti akaja kwenye lango, ambako Coralie alikuwa amesimama na chupa ya chai.

"Upande wangu hautoshi," alimwambia Clem. "Wako ndio kabisa, umebaki vishina. Wa upande wangu wanaondoka, Darryl anakuja na lori keshokutwa. Ningekuwa wewe ningewatoa na hawa. Uza wale wakongwe, bakiza mitamba, majani yatawafikisha."

"Mvua ya mwezi wa tano bado."

"Ikija itakuja na baridi, na baridi haioteshi kitu."

"Mama yangu aliingoja."

"Najua. Ulinisimulia."

"Basi nikusimulie tena, maana naona hukusikia."

Kisha Clem akamgeukia mkewe, akamtazama kitambo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Coralie. Tuwatoe. Lilikuwa limekaa pale juu ya ulimi kama punje ya chumvi. Lakini akawaza: hawa ni ng'ombe wa mama yake. Nikisema tuuze, halafu mvua ishuke kesho, nitakuwa nani katika nyumba hii? Nitakuwa yule mwanamke aliyeuza ng'ombe wa Ita usiku wa kuamkia mvua, na watanisimulia mezani mpaka wajukuu. Akainamisha chupa, akamimina chai.

Keshokutwa yake Darryl Kratzmann alifika na lori lake refu la ghorofa mbili. Alikuwa mtu mnene, mwenye mzaha, shati halifungiki tumboni. Aliwapakia ng'ombe wa upande wa utafiti, wakapanda wenyewe kwato zikilia kwenye mbao, kisha akachungulia nyuma.

"Mzee Clem, huku nyuma pamebaki nafasi ya kuchezea mpira. Nikuchukulie wangapi?"

"Wangu wanangoja mvua."

"Hata mimi naingoja," Darryl alisema, "ila mimi naingojea njiani huku nakula." Akamkonyeza Coralie. "Bi Cora, nawe unasemaje? Nisibebe hewa bure."

Clem akamtazama tena mkewe. Coralie akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mgeni, akasema, "Mwenye ng'ombe ameshasema."

Lori likaondoka na nafasi. Mlango wake wa nyuma ulikuwa na kiungo kilicholegea, ukawa unagonga ko, ko, ko, mpaka vumbi lilipolimeza. Mlio huo ulibaki masikioni mwa Coralie, ukawa unamrudia akikanda mkate, akianika nguo, akigeuza ubavu kitandani.

Mwezi wa tano mawingu yalikuja kweli, meusi, yenye ngurumo. Clem alisimama barazani bila kofia. Matone machache yakagonga bati, Coralie akahisi machozi yakimlenga kwa furaha na kwa nafuu, kwamba heri hakusema. Kisha upepo ukageuka, mawingu yakaenda zake kama wageni walioingia nyumba isiyokuwa yao. Asubuhi kipima mvua kilikuwa na mbu mmoja aliyekufa.

Tangu hapo hata vishina vikaisha. Clem aliwasha tingatinga, akawa anaangusha miti ya mulga ili ng'ombe wale majani yake. Mwanzoni wakisikia mngurumo walikuja mbio, mikia juu. Baadaye wakawa wanakuja kwa mwendo. Mwisho walikuwa wanageuza vichwa tu, wamelala, wakingoja waletewe. Mulga hujaza tumbo lakini haitii nguvu. Ukiwaona kwa mbali ungedhani wameshiba, matumbo yamewatoka kama ngoma. Ukikaribia ungeziona mbavu, na zile nyonga mbili zilizosimama kama vigingi chini ya hema. Wale wakongwe walimaliza majani ambayo yangewatosha mitamba. Wote wakawa wanakula sahani moja, na sahani ilikuwa ya mmoja.

Kila siku Coralie alijiambia, leo nitasema. Angoje tu Clem aoge. Angoje ale. Angoje atoe viatu. Clem alirudi mweupe kwa vumbi mpaka kope, akakaa mezani, akatazama upande wa magharibi kupitia dirisha.

"Siku moja karibu zaidi," alisema.

"Siku moja karibu," Coralie aliitikia, akampakulia nyama ya chumvi na viazi, na neno lake akalirudisha kabatini pamoja na sahani.

Katika kundi lile alikuwamo ng'ombe mmoja kiongozi, mzee, pembe moja imepinda, jina lake Biddy. Coralie alimlea kwa chupa alipoachwa yatima, na mpaka uzee wake alikuwa akimwona Coralie humnusa mfuko wa aproni akitafuta kipande cha mkate. Mwishoni mwa mwezi wa nane, Coralie alikwenda lamboni asubuhi. Maji yalikuwa yamerudi katikati, yamebaki kama jicho, na tope limeyazunguka pande zote, jeusi, lenye kunata. Biddy alikuwa ndani ya tope hilo mpaka tumboni. Hakulia. Alikuwa ametulia, akipepesa macho, kama aliyeingia kanisani amechelewa na hataki kusumbua watu.

Clem alileta gari na mkanda mpana. Coralie alivua viatu akaingia, akaupitisha mkanda chini ya kifua cha Biddy, tope likimfika mapajani, baridi kama chuma. Gari likavuta polepole. Biddy akatoka kwa mlio mzito, akalala ukingoni, na hakuweza kuinuka. Walimsukuma, Coralie bega lake ubavuni, Clem akivuta mkia. Wakapumzika. Wakasukuma tena. Jua lilipofika utosini ndipo aliposimama, miguu ikitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Clem alimpangusa tope machoni kwa kofia yake. Akasema bila kumtazama mkewe, "Mpigie Darryl."

Coralie alikimbia kwenye simu na miguu yake ya tope, akaacha nyayo barazani ambazo kwa kawaida zingemuudhi wiki nzima.

"Bi Cora, kila mtu ananitaka," Darryl alisema upande wa pili. "Nchi nzima imeamka siku moja. Nitakuja nikipata upenyo. Walisheni vizuri, mniwekee watakaoweza kusimama."

Alipokuja hatimaye, hakufanya mzaha. Coralie alikuwa amekwisha kupata malisho ya kukodi mashariki, kwa watu waliokuwa na nyasi. Ng'ombe waliingizwa zizini, Darryl akapita katikati yao mikono mfukoni, akiwatazama mmoja mmoja. Wengine aliwaelekeza kushoto, wengine kulia. Upande wa kulia ulijaa haraka.

"Hawa wa kulia siwapakii," alisema. "Samahani, mzee. Anayeyumba zizini hapa, kona ya kwanza ataanguka, na wenzake watamkanyaga. Sheria hainiruhusu, na hata ingeniruhusu nisingeweza."

"Wapumzishe kidogo, watapanda."

"Mzee Clem, huyu mwenye pembe iliyopinda anaegemea ukuta."

Clem alimtazama Biddy. Kisha akatazama kushoto, ambako walikuwamo mitamba wengi na majike wachache, wamekonda lakini macho yao bado makali. Kisha akatazama kusini, ambako ukanda wa wingu ulikuwa umejitandaza chini chini. Coralie aliuona uso wake ukifunguka, akajua anachotaka kusema kabla hajakisema.

"Basi waache wote," Clem alisema. "Kundi la mama halitagawanywa. Tazameni kule. Hiyo ni mvua, hiyo. Tungoje hii moja tu."

Darryl alikuna shingo. Aliangalia chini. Kwenye lori lake ule mlango wa nyuma, wenye kiungo kilicholegea, ukasukumwa na upepo, ukagonga. Ko.

"Wapakie," Coralie alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo, hata Clem akageuka kana kwamba amesemeshwa na mtu mwingine.

"Cora, tazama lile wingu."

"Nimeliona. Nimeliangalia tangu Pasaka." Akaielekeza fimbo upande wa mitamba. "Walio kushoto wanaondoka leo. Mvua ikija na ije. Ikinyesha wakiwa njiani, nitabeba lawama mimi, na unisimulie mezani kila Krismasi. Darryl, fungua mlango."

Darryl alimtazama Clem. Clem alikwenda mwenyewe akashika fimbo, akawaelekeza mitamba kwenye ngazi ya lori. Wakapanda. Safari hii hapakubaki nafasi, na mlango ulipofungwa haukugonga.

Na mvua ilikuja. Siku chache baada ya lori, wingu la kusini lilifika na upepo wa baridi unaopenya mpaka kwenye meno, na mvua ile iliyongojwa tangu Pasaka ikashuka, ya ubavuni, isiyokatika. Clem na Coralie walitoka na maturubai na magunia, wakiwafunika waliobaki, wakiwasukuma waende nyuma ya miti. Lakini ile miti iliyokuwa ikikinga upepo Clem aliiangusha yeye mwenyewe kuwalisha. Mwili usio na mafuta hauna cha kuikinga baridi. Ng'ombe walilala na kuupa upepo mgongo, na wengi wao hawakuinuka tena. Biddy walimkuta kando ya seng'enge, kichwa ameelekeza nyumbani. Coralie aliingiza mkono mfukoni mwa aproni yake, akakuta ukoko wa mkate umelowa. Akauweka karibu na pua ya Biddy hata hivyo.

Barabara ilipopitika, Ngaire alikuja. Alikuwa na fremu mkononi, lakini hakuitupa. Aliiegemeza kwenye nguzo ya lango. Hakuna aliyemwita fundi madirisha. Walisimama watatu kwenye seng'enge ile ya malisho ya kaskazini. Upande wa utafiti, mashina ya majani yalikuwa yamelishika lile tone na ardhi imelinywa, kuna unyevunyevu chini yake ukigusa kwa kidole. Upande wa Clem maji yalikuwa yamepita mbio, yakachukua udongo mwekundu mpaka lamboni, yakaacha uso wa ardhi umekauka na kuwa mgumu kama ngozi iliyowambwa.

Ngaire hakusema niliwaambia. Alisema, "Nimepita mashariki kuwaona mitamba yako, Clem. Wameanza kunona. Na wengi wana ndama tumboni. Ukoo wa mama yako haujakatika." Kisha akaenda kwenye gari lake kutafuta kitu, na akachukua muda mrefu kukitafuta, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu.

Clem alishika waya wa seng'enge kwa mikono miwili. Alikuwa amezeeka shingoni.

"Cora," alisema. "Ile siku ya majani nilikutazama."

"Nilikuona."

"Na siku ya lori pia."

"Nilikuona, Clem."

"Nilitaka uniambie niwauze." Alisema akiutazama waya. "Neno moja tu. Ungesema, ningewapakia siku ile ile. Mimi mdomo wangu haukuweza. Ni ng'ombe wa mama. Nikawa nangoja useme wewe."

Coralie aliutazama ule mkono wake juu ya waya, kovu kwa kovu.

"Na mimi nilitaka kusema tuwauze," alijibu. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Walikuwa na neno moja, kila mtu amelifungia kinywani mwake tangu Pasaka, na waliolilipia ni wale waliolala kando ya seng'enge, matumbo yamejaa majani yasiyo na nguvu: ngoja ngoja huumiza matumbo.